Daraja la Kuvutwa la Maretadu

Likizo iliyopita nilimwonyesha mama video kwenye simu: daraja la reli katikati ya jiji la Ulaya, likiinuka kupisha meli mtoni huku treni ikisubiri. Mama aliacha kuchagua maharage, akaitazama mpaka mwisho.

"Kama letu," alisema.

Nilitaka kubisha, maana ndiyo tabia yangu. Lakini kweli, hapa Maretadu tulikuwa na daraja la kusogea: magogo mawili ya mkaratusi yaliyopigiliwa mbao. Upande wetu lilifungwa kwa mnyororo kwenye mti. Ng'ambo lililazwa tu juu ya mawe. Mvua kubwa zikija, wanaume walivuta kamba iliyofungwa kwenye ncha ile ya mbali, daraja likageuka na kulala ukingoni kwetu mpaka maji yapungue. Lisipovutwa, mto unalibeba.

Kabla ya kuvuta ilikuwa lazima mtu aite, "Nani yuko ng'ambo?" na kila nyumba iwajibie watu wake walio huko. Nikiwa mtoto nilimuuliza baba, tunaita ya nini, wakati aliye mbali hasikii? Baba akasema wanaoulizwa ni sisi tuliopo. Jibu halikuniridhisha.

Jioni moja mto ulianza kunguruma na mama hajarudi kutoka mnadani Dongobesh. Mtu alipoita, baba akajibu, "Mke wangu." Kamba ikabaki imeshikwa tu. Maji yakaanza kulamba mbao.

"Shemeji ana miguu, atazunguka," jirani mmoja alisema. "Hili likienda, watoto hawaendi shule tena."

"Azunguke wapi? Wako ungemwacha?" baba alimuuliza.

"Wangu angeshukuru kupumzika bila mimi!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Ndipo mama akatokea ng'ambo, ndoo kichwani. Baba alikanyaga ubao wa kwanza amfuate. Mama akamzuia kwa mkono.

"Vuteni!" alipaza sauti. "Nitalala kwa wifi! Maharage yako jikoni, msiyaunguze!"

Wifi yake, yaani shangazi yangu, aliishi upande ule. Wakavuta. Mimi nikalia kama aliyefiwa.

Mpaka maji yaliposhuka, asubuhi na jioni tulisimama ukingoni tukipigiana kelele na mama: chumvi iko wapi, ndama amenyonya, nani kampiga nani. Majirani wote walijua mambo ya nyumba yetu. Maharage tuliyaunguza.

Sasa kuna daraja la zege. Sitamani watu waachwe ng'ambo ili mimi nipate kumbukumbu tamu. Hata hivyo, nikivuka huutafuta ule mti. Kovu la mnyororo bado lipo.

Mama aliirudisha video mwanzo. "Kabla ya kuinua, wanaita?"

"Kuna king'ora, mama. Na kompyuta."

"Na aliyebaki ng'ambo, nani anamjibia?"

Alinirudishia simu, akavuta ungo wake.