Soda za Wageni Kwenye Friji ya Chanjo

Nawachukia wageni wa ukaguzi. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili mtu asije akasema baadaye nilimficha. Nimefanya unesi miaka mingi katika zahanati moja upande wa Sibwesa, safari ya nusu siku kutoka Mpanda mjini kama gari ni zima, na kwa miaka yote hiyo sijaona mgeni wa ukaguzi aliyekuja bila kutangazwa. Simu hutangulia siku tatu. Ndani ya siku hizo tatu watu wazima hupiga deki pembe ambazo mwaka mzima hakuna aliyezikumbuka, na mganga mfawidhi, yaani bosi wangu, hutafuta kuku, mchele mzuri wa Mpimbwe, na soda.

Soda ndizo zilizotuharibia. Wakati huo kijijini hakukuwa na duka lenye friji. Friji ilikuwa moja tu, ya zahanati, ya sola, yenye mfuniko juu kama kasha la nguo. Ndani tuliweka chanjo za watoto na boksi la oksitosini. Oksitosini ni ile sindano anayochomwa mama akishajifungua, ili kizazi kikaze na damu isitoke ovyo. Inatakiwa ikae kwenye nyuzi mbili hadi nane. Ukutani tulibandika chati: asubuhi unasoma kipimajoto unaandika, jioni unasoma unaandika. Joto likipita nane, utaratibu tunaujua wote. Dawa inatengwa, inabandikwa karatasi ya "usitumie", unapiga simu wilayani, unasubiri jibu. Ni kazi ya robo saa.

Lakini bosi wangu alikuwa mtu wa wageni. Mtu mrefu, viatu vinang'aa hata kiangazi, na kumpa mgeni wa ofisi soda ya moto aliona ni sawa na kuvuliwa nguo barabarani.

"Mtu katoka mjini, kala vumbi mpaka kwenye kope, halafu nimpe soda ya moto?" alikuwa akiniambia. "Nyie manesi hamna aibu."

Kwa hiyo kila ukaguzi ulipokaribia, soda ziliingia kwenye friji ya chanjo. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Mara ya pili nilinuna tu. Baadaye nikawa nampangia chupa mwenyewe, zile za machungwa pembeni, za kola katikati, na wageni wakishaondoka nilikunywa iliyobaki. Nalisema hilo nikijichukia.

Mwaka huo wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa na mimba ya tano. Uzazi wa nne alivuja damu mpaka akazimia, na ile sindano ndiyo iliyomrudisha. Mama wa namna hiyo hatakiwi kuzalia zahanati. Nilimwambia mapema aende Mpanda, akae kwa ndugu, asubiri uchungu karibu na hospitali. Alicheka. Alikuwa anapeta mahindi uani, tumbo limeshuka, miguu imevimba.

"Niende Mpanda nikazalishwe na vitoto vinavyochati, wakati wifi yangu upo?" alisema. "Wote wanne nimezalia mikononi mwako. Huyu naye amekosa nini?"

Nilifurahi. Huo ndio ukweli, sifa ile iliniingia. Nikaacha kumsukuma.

Ikawa Oktoba, jua linachoma, bati la zahanati linalia kwa joto. Simu ikaja: wageni Jumatatu. Jumamosi mchana bosi wangu alileta kreti mbili badala ya moja, kwa sababu safari hii alisikia anakuja na mkubwa. Chupa hazikuenea ndani. Shingo za zile za juu ziliuzuia mfuniko, akaubana kwa tofali na kuondoka zake.

Jumapili zamu ilikuwa yangu. Nilipita pale kutoka misani, nikiwa bado na gauni la kanisani, nisome kipimajoto halafu niende nyumbani nikapike. Tofali lilikuwa limeteleza chini. Mfuniko ulikuwa umeinuka vidole viwili, na hewa ya chumba kile, ambayo hata mjusi asingeitaka, ilikuwa inaingia ndani tangu sijui saa ngapi. Kipimajoto kilisoma ishirini na sita.

Nilienda mbio mpaka nyumbani kwake. Nilimkuta anapiga pasi shati la Jumatatu.

"Friji ipo ishirini na sita," nikamwambia.

"Umefunga mfuniko?"

"Nimetoa chupa nne, nimefunga. Ila dawa tuzitenge, Daktari. Tupige simu."

Hakuinua hata pasi. "Ukizitenga leo, kesho watauliza kwa nini. Ukiwaambia kwa nini, watauliza soda za nani. Utasema za nani?"

"Zako."

"Haya, sema zangu. Na iliyobaki safari iliyopita alikunywa nani?"

Huyo mtu alijua pa kukupiga.

"Umeangalia chanjo?" akaendelea. "Zile alama zake zimegeuka?"

Hazikuwa zimegeuka. Kila kichupa cha chanjo kina kialama kinachoiva rangi kidogo kidogo kikipata joto, na vyote vilikuwa bado vyeupe.

"Basi. Kama chanjo nzima, na dawa nzima. Andika nne."

Mtu aliyesoma chuo anasema maneno hayo! Alama ile ni ya chanjo, inazungumza habari za chanjo peke yake. Oksitosini haina alama. Kichupa chake kikiwa kizima ni maji meupe, kikifa ni maji meupe vilevile. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Nilirudi zahanati nikachukua kalamu yangu nikaandika nne. Halafu, kwa kuwa sikutaka kurudi tena na lile jua, nikajaza na nafasi ya jioni: nne.

Wageni walikuja Jumatatu saa tano. Mmoja, mama mnene mwenye miwani kichwani, aliinama yeye mwenyewe kwenye friji akachagua soda ya machungwa. Naomba hilo lieleweke. Mtu aliyetumwa kukagua utunzaji wa dawa alipitisha mkono juu ya chanjo za watoto, akatoa soda, akaisifia. Kisha akapitisha kidole kwenye chati, nne, nne, nne, na kwenye kitabu cha wageni akaandika kwamba utunzaji wa dawa ni mzuri, hongereni. Hata siku moja friji ya sola kwenye joto lile haiwezi kukaa kwenye nne wiki nzima, asubuhi na jioni. Kama si kipofu alikuwa mvivu, na simsamehe kwa lolote kati ya hayo mawili. Bosi wangu aliwasindikiza mpaka kwenye gari huku ameshika kofia.

Jumanne nilimwambia tena tupige simu, sasa wageni wameshaondoka.

"Tumeandikiwa hongera jana," alisema. "Leo tupige simu tuseme tulidanganya? Una akili wewe?"

Ningeweza kupiga mwenyewe. Simu nilikuwa nayo na namba nilikuwa nayo. Ningeweza hata kumtuma bodaboda kituo cha jirani akaniombee vichupa vitatu vyenye uhakika. Badala yake nilienda kwa wifi, kwa sababu kwa wifi ndiko ilikokuwa rahisi. Nilimwambia aondoke kesho yake aende Mpanda. Nilisema kwa ukali, mpaka akaacha alichokuwa anafanya.

"Mbona umekazana hivyo, wifi? Kuna nini?"

Alinitazama usoni, akingoja. Kaka yangu naye alikuwa pale mlangoni anafunga jembe mpini. Ilibaki kusema tu: dawa imepigwa joto, mimi nimeandika uongo, usizalie kwangu.

"Hakuna kitu," nikasema. "Miguu yako tu imevimba."

Alhamisi saa sita mchana aliletwa na uchungu umekolea. Mtoto alitoka vizuri, wa kike, analia kwa hasira. Nilimchoma wifi sindano. Nikasubiri kizazi kikaze chini ya kiganja changu, lakini hakikukaza. Kilikuwa laini kama unga uliokandwa, na damu ikaanza kushuka, si ya kutisha mwanzoni, ila haikatiki. Nikachoma ya pili kutoka kwenye boksi lilelile, kwa sababu hakukuwa na boksi lingine. Nikampa vidonge vya kuzuia damu, nikamtundikia dripu, nikasugua tumbo mpaka mikono ikafa ganzi. Bosi wangu alisimama mlangoni na viatu vyake. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Kipimbwe, mbele ya kaka yangu.

Kaka alipata pikapu ya mfanyabiashara wa mpunga. Njia nzima mpaka Mpanda nilipiga magoti nyuma, ngumi yangu imekandamiza tumbo lake, vumbi likitujaa mdomoni. Alikuwa ananiuliza kama mtoto amenyonya. Nikamwambia amenyonya, nyamaza.

Hospitali walimwokoa. Ila ilibidi wamtoe kizazi.

Daktari aliyempasua alitoka akanikuta kwenye benchi, gauni langu limekauka damu. Alikuwa kijana mpole. Aliniuliza nilimpa nini, nikamtajia. Akasema inawezekana dawa haikuwa na nguvu, inawezekana ilikuwa nzima kabisa na mama akavuja tu, uzazi wa tano huwa na mambo yake. Hata ikipata joto, siku moja mbili huenda zisiiue.

"Friji yenu inasoma ngapi?" akauliza. "Chati inasemaje?"

Hapo hapakuwa na bosi, wala pasi, wala wageni. Alikuwa mtu mmoja anayetaka kujua ili asaidie.

"Nne," nikasema.

Akaandika nne. Kwa hiyo sitajua maisha yangu yote kama ni ile dawa. Hakuna atakayejua. Karatasi pekee iliyoweza kutuambia niliiharibu mimi, kwa mwandiko wangu mzuri niliosifiwa tangu shule ya msingi. Walikuja watu kuuliza, wakaiangalia chati, wakasema utunzaji haukuwa na tatizo, ni bahati mbaya ya uzazi. Bosi wangu alihamishwa kituo kikubwa zaidi. Nilimtakia mabaya siku ile anapakia vyombo, na nikikumbuka viatu vyake namtakia hata leo.

Siku hizi naitwa mkali. Nesi mgeni aliwahi kuweka chupa ya maji ya kunywa kwenye friji, nikaimwaga nje akiwa anatazama. Kipimajoto kikisoma tisa, naandika tisa na simu napiga, hata kama wageni wako njiani. Wananisengenya, na wasengenye.

Mwaka jana wifi alinialika. Mtoto alikuwa ametimiza mwaka, anatembea kwa kushika kuta. Wifi alinikalisha kwenye kiti chenye kitambaa, akajifunga khanga akaenda mwenyewe mpaka dukani, kwa maana sasa duka lina friji. Alirudi na soda ya machungwa, ya baridi, chupa inatoka jasho. Akaifungua kwa meno kama alivyozoea, akaniwekea mkononi.

"Kunywa, wifi," alisema. "Kila nikimwona huyu mtoto nakuombea. Bila wewe saa hizi ningekuwa udongo."

Kaka yangu alitikisa kichwa kukubali. Wote wawili walikuwa wananitazama, wameridhika kwamba wamenipa kitu kizuri. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikautumia kunywa. Nilikunywa soda yote mpaka chini, na wifi akaniuliza kama aniongezee nyingine.