Mwendo wa Sukari

Bua la mtama likimenywa likingali bichi hutoa harufu tamu, tamu ya kukwaruza koo kidogo. Hata leo, meno ya kutafunia yameniisha, nikisikia harufu hiyo vidole vyangu huanza kutafuta uzi. Basi kaeni niwaambie habari za Sukari na mdogo wangu Mastula, maana waliowajua tumebaki wachache.

Ilikuwa Koboko, mwaka wa sabini na tisa, mvua za kwanza zikianza. Mama yetu Mariamu alikuwa hospitali ya Kuluva akimuuguza Mastula. Huku nyuma, watu wenye bunduki waliokuwa wakikimbilia mpakani wakapita kwetu, wakamfungua Sukari, ng'ombe wetu pekee, wakaenda naye. Babu Farajala, aliyekuwa askari enzi zake, alisimama mlangoni na kanzu yake. Sisi wote tulitazama tu.

Mastula aliporudi, mwepesi kama ufagio, kitu cha kwanza aliulizia ng'ombe. Mama akamwambia Sukari yuko Ayivu kwa mjomba, huko majani ni mengi. Mtoto akamtazama mama kitambo, kisha akafunga mdomo. Uji wa mtama akakataa, wa muhogo akakataa. Alisema atakula akishamwona Sukari anatembea. Mama akawa anatoka nje na kikombe, anakaa nyuma ya jiko, anarudi macho mekundu.

Mimi nilikuwa bado wa kuruka kamba, lakini mikono yangu ilijua mabua. Nikamfunga ng'ombe, mwili wa mabua manene, miguu ya mabua membamba, uzi nikapewa na Rajabu fundi cherehani. Kila mguu nikauchomeka njiti ya kuuendeshea. Nikamsimamisha juu ya sanduku la bati la babu, karibu na kitanda, nikaanza kumtembeza.

Mastula akatazama kidogo tu.

"Dada, hii si Sukari. Hii iko askari."

Alisema kweli. Katika uwanja wetu mtoto alijua gwaride kabla hajajua kufunga kanga. Babu alitupanga mstari, kushoto, kulia, mkono huu na mguu ule. Basi nami nilimnyanyua ng'ombe wangu mguu wa mbele wa kushoto pamoja na wa nyuma wa kulia, tap, tap, alikosa kofia tu. Babu alichukia kidogo. Akasema kila kiumbe cha Mungu hutembea hivyo, akakunja kanzu, akapiga magoti na mikono sakafuni atuonyeshe, akazunguka kitanda akihema. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Mastula aligeukia ukuta. Uji ukapoa.

Ng'ombe wa kutazama hakuwepo, waliosalia mtaani walikuwa wamefichwa. Nikamfuata mbuzi wa jirani yetu Candiru kwenye mihogo, natambaa kwa tumbo, maana mbuzi akikuona hatembei, anakimbia. Nililowa, niliumwa na siafu, hadi nikaona. Mguu wa nyuma ndio unaotangulia. Unapokaribia kutua, wa mbele wa upande uleule unainuka kuupisha. Halafu upande wa pili hivyohivyo, na kichwa kinaitikia.

Nikarudi mbio. Lakini miguu minne, mikono yangu miwili! Nikiongoza ya nyuma, ya mbele inaburura. Nilikaa pale sakafuni nikalia, nimejua kitu na siwezi kukifanya.

Ndipo Mastula akajiinua, akashika njiti za nyuma.

"Shika ya mbele," akasema. "Ngoja mimi kwanza."

Nikamngoja. Yeye akapiga hatua, mimi nikampisha. Na Sukari akaja, wallahi, akaja vile vile vya uvivu, kiuno kikiyumba. Babu alijifuta uso na kofia yake.

"Dada, geuza. Aangalie barabara."

Nikamgeuza, tukampeleka polepole hadi ukingo wa sanduku. Hapo mkono wa Mastula ukachoka, mguu mmoja ukabaki juu. Mama akaleta uji, Mastula akanywa vijiko vichache, mama akamshukuru Mungu kwa sauti.

Tulimzika Mastula kabla hatujavuka kukimbilia Zaire.

Miaka mingi niliamini nilichelewa, kwamba kama ningeujua mwendo ule mapema angekula mapema. Kisha nami nikapata watoto, nikawaficha mambo nisiyoweza kuyatengeneza, nikaona jinsi wanavyonitazama. Ndipo nikaelewa. Kama Mastula angeamini ng'ombe yuko kwa mjomba, angemtaka aje. Yeye alitaka aende. Alijua tangu siku ya kwanza, akanyamaza ili mama asilazimike kusema, na alichoomba ni kumwona Sukari akiondoka, kwa kuwa sisi tuliobaki nyumbani tulimwona, yeye hakuwepo.

Na uji ule, naona sasa, aliunywa kwa ajili yetu.