Chungu Mlangoni kwa Binah

Binah alipoongea, ungedhani anaongea na kifua chake mwenyewe. Mimi Hagar, jirani yake ukuta kwa ukuta, nilizoea kumfokea: "Toa sauti, mwanamke! Nani kakufunga mdomo?" Swali la kipumbavu. Sote kisiwani hapa tulikuwa watumwa, tulijua.

Enzi zile ukikutwa unasali bila ruhusa unachapwa. Kwa hiyo tukiomba tuliweka chungu cha chuma kifudifudi mlangoni, tukakiinua ukingo kwa kijiti, ili kimeze sauti. Nyapara hakusikia, basi tulikiamini. Mzee Cuffee, kiongozi wetu wa sala, alisema hata kwa babu zake ng'ambo watu walimiliki watu, ila hakusikia popote mtu akimwomba Mungu kwa wizi. Haya, tukamwambia, hapo tumewashinda.

Binah alikuwa na binti mmoja, mdogo. Wakiwa na la kuambiana, walilala sakafuni, vichwa chini ya chungu, shavu kwa shavu. Bwana alipomuuza yule mtoto, mama alionywa kwamba akilia ataona. Hakulia. Alirudi akaingiza kichwa chini ya chungu, akakaa humo. Alipokitoa, uso ulikuwa mkavu, akaenda kupalilia pamba.

Tangu siku hiyo, ukimwambia fulani kafa, anajibu, "Aa." Siku tuliyotangaziwa uhuru nilirukaruka mpaka nikapoteza kiatu. Binah aliuliza kama bamia zimeshachumwa. Jamani, nilitamani kumzaba kofi! Na chungu kile akakiacha palepale mlangoni, kifudifudi, miaka nenda miaka rudi.

Baada ya uhuru tukawa na desturi yetu. Kila Jumapili, anayemtafuta ndugu yake aliyeuzwa husimama kanisani na kutaja jina kwa sauti, na wasafiri hulibeba mpaka makanisa ya mbali. Wengine walipatana hivyo. Binah hasimami.

"Hivi mwanao unamtaka au humtaka?" nikamuuliza.

"Namtaka."

"Sasa si usimame!"

"Nikilitoa jina lisiitikiwe, Hagar, nitabaki na nini?"



Mwaka ule mvua zilimwachia kikohozi kibaya. Nadhani aliogopa kufa na lile jina. Jumapili moja nikashtuka kumwona amesimama. Midomo ikacheza. Hatukusikia kitu.

"Bibi, unaongea na viroboto?" kijana mmoja akaropoka, watu wakacheka.

"Tupe sauti kidogo, mama," akasema Mzee Cuffee.

Akarudia, chini zaidi. Moyo uliniuma. Nikainuka nimsaidie, maana nilimjua mtoto, tulimwita Phoebe. Binah akanivuta sketi. "Silo hilo," akasema.

Hapo mwanamke mmoja mgeni, aliyevuka maji kuja kutafuta kazi ya kuvua chaza, akatoka benchi la mlangoni. Alipita katikati yetu bila kuomba njia. Akapiga magoti, akamvuta Binah chini taratibu, akaweka shavu lake kwenye shavu la mama yule, sikio karibu na mdomo.

"Rudia," akasema.

Nilikuwa kando yao, safari hii nikasikia. "Pinda." Ndivyo tunavyoziita karanga. Lilikuwa jina lao la nyumbani, bwana hakulijua, nyapara hakulijua, na mimi wa ukuta kwa ukuta sikulijua.

"Huko nilikouzwa waliniita Martha," akasema mgeni. "Huyo Martha nilikuwa namwitikia tu."

"Aa," akasema Binah. Akamtazama. "Umekula?"

"Bado."

Kanisa zima lililia. Mimi nilipiga mayowe mpaka Mzee Cuffee akanishika bega. Wao wawili, hata chozi. Waliinuka, wakajikung'uta magoti, wakaenda nyumbani.

Niliwafuata na bakuli la wali, umbea nao ukinisukuma, sikatai. Kibanda kilikuwa kilekile cha zamani. Pinda alitangulia, na pale mlangoni akakivuka chungu bila kuangalia chini.

Nikamshika Binah mkono nje. "Binah wewe! Mwanao huyo! Hata furaha huna?"



"Ipo njiani, Hagar," akasema. "Bado haijanifikia." Akapokea bakuli, akaingia kumpakulia.