Kipimo cha Mwalimu

Juzi nilikuwa katika ofisi ya walimu, shule moja karibu na Mbumbuni, msichana wa kidato cha nne alipomletea mwalimu wake wa kemia karatasi yake ya mtihani wa majaribio. Anataka uuguzi, na bila kemia hapati.

"Mwalimu, darasa zima tumepima asidi tukapata kipimo kimoja. Mbona sufuri?"

"Alama zinategemea kipimo changu. Chenu kiko mbali."

"Sisi wote?"

"Mmekosa kwa umoja," akasema, akiisoma karatasi kwa mkono ulionyooka, mbali na macho yake.

Msichana akafikiri kidogo. "Basi, mwalimu, kabla ya mtihani wenyewe utufundishe kuona kama wewe."

Ombi lilikubaliwa. Huyo atapita vizuri, kisha siku moja, wodini, atatupimia dawa kwa macho ya mwalimu wake.