Kukuziwa wa Bonde la Msimbazi

Juzi fundi wa magari pale Kariakoo alimwaga oili chafu kwenye dimbwi la mvua. Maji yakaota rangi za shingo ya njiwa, watoto wakashangilia. Mimi, msomaji wangu, sikushangilia. Kimawazo nilirudi bonde la Msimbazi, enzi za Mwingereza, nilipokuwa binti mdogo wa kuamia mpunga wa bibi.

Kazi ilikuwa kupiga debe tangu alfajiri, ndege wasitue kwenye masuke. Mchana tulikula muhogo wa kuchoma na perege. Lakini kwenye kidimbwi cha matete, kando ya shamba, bibi alinikataza hata kupiga chafya. Kukuziwa, ndege wa majini, alikuwa anaatamia humo. "Mwenye mayai hafukuzwi," alisema.

Msimu ule serikali ilitangaza vita na mbu. Homa ilikuwa imeshatuulia watoto mtaani, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Vijana walipita na makopo, wakimwaga mafuta kila penye maji. Kila siku walisogea karibu na kidimbwi chetu.

"Wanangu, ngojeni aangue kwanza," bibi aliwasihi.

"Tungeweza tungengoja, bibi. Sisi tunatumwa tu," alijibu mkubwa wao, kofia mkononi.

Bibi akafunga kitambaa cheupe na chekundu kwenye matete, kama wafungavyo watu penye mzimu. Mzimu haukuwepo; alijua tu kwamba vijana wale ni wa kwetu, wasingethubutu. Kweli, walipazunguka kimyakimya. Nilifurahi, ila moyo haukutulia.

Kisha bwana wao, Mzungu, akaja kukagua. Kitambaa kilimvuta macho tangu barabarani. Alipofika akakuta maji safi, akauliza kwa nini. Hakungoja jibu. Akachukua kopo, akamwaga mwenyewe, lote.

Kukuziwa aliruka kwa fujo, akarudi, akakalia mayai na manyoya yake yamelowa mafuta. Aliatamia kupita siku zake. Kila asubuhi bibi alikwenda kumtazama. Mayai yaliyopakwa mafuta hayakuanguliwa.

"Kitambaa changu ndicho kilichomwonyesha," alisema mwishowe, akalia. Niliogopa, maana sikuwahi kumwona akilia.

Homa ilipungua mtaani, na sikatai kwamba tulishukuru. Ila ndege nao walipungua, mitaro ikachimbwa, mpunga ukaisha, bonde likajaa nyumba na takataka. Siku hizi mvua ikinyesha roho yangu huwa juu, maana maji bado yanakuja na hayana pa kukaa. Jana kitukuu wangu aliniomba nimwigizie mlio wa kukuziwa. Nilifungua mdomo. Mlio haukuja.