Mlango wa Orpha

Wapo watu wenye subira, na yupo Hortense wa Bredäng, kitongoji cha Stockholm. Treni ya chini ya ardhi ikikaribia kituo chake, yeye ameshasimama mlangoni tangu vituo viwili nyuma, mkoba kifuani, kana kwamba dereva anaweza kughairi asifungue. Kibao kikisema treni itachelewa, hangoji. Hutembea kwa miguu hadi kituo kinachofuata, na mara nyingi treni humpita njiani, naye huitazama kwa chuki. Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na wazee wa Bredäng wanampenda ila kwa jambo moja: kahawa huwa imeshamiminwa kabla hawajaketi. Mwanawe Vainqueur, kijana asiye na haraka na chochote duniani, husema mama yake atafika hata kwenye mazishi yake mwenyewe kabla ya jeneza.

Husema hivyo kwa utani, na Hortense hacheki, maana mazishi ndiyo hasa aliyoyakosa. Kaka yake Jonathan alifia Brussels mwaka ule wa korona, ndege zikiwa zimelala viwanjani. Hortense alimzika kwa simu. Alisimama jikoni, simu ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, akaona jeneza likianza kushuka, picha ikaganda. Iliporudi, wachimba kaburi walikuwa wakikung'uta udongo kwenye viatu. Jioni ile alimpigia wifi yake Dancille, mjane wa Jonathan, akamuuliza kwa nini wameshindwa hata kungoja. Lilikuwa swali la kijinga, hapakuwa na cha kungoja, na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kuliuliza. Lakini alikwisha kuliuliza, na tangu siku hiyo mawifi hao wawili walisalimiana kwa heshima tupu.

Kabla hajaingizwa hospitali, Jonathan alimwachia dada yake neno moja. "Binti yangu Orpha akiposwa, mlango utaufungua wewe."

Katika ukoo wao, huko kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, siku ya mahari wakwe husimama nje na mlango umefungwa. Hawaingii mpaka shangazi wa binti, dada yake baba, awaulize ni akina nani na wanataka nini, kisha afungue kwa mkono wake, kutoka ndani. Akifungua mtu mwingine, ni sawa na kutangaza kwamba upande wa baba hauna mtu. Na upande wa baba yake Orpha ulikuwa umebakiwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa Stockholm.

Sasa Orpha alikuwa ameposwa, na kadi ya mwaliko ilisema Jumamosi, saa nne asubuhi. Hapa inabidi mtu aelewe kwamba saa nne ya kadi ya Wakongo ni saa nane ya kweli. Huandikwa hivyo makusudi, ili walegevu waanze kutafuta soksi mapema. Ijumaa jioni Hortense alikuwa zamu na hakupata wa kubadilishana naye, basi akakata tiketi ya Jumamosi alfajiri kutoka Skavsta, kiwanja kidogo cha ndege kilicho katikati ya mashamba kusini mwa jiji. Ndege ingetua Ubelgiji kabla ya saa nne. Angepata muda wa kunawa uso, kula kitu, na hata kugombana kidogo na Dancille. Maisha yake yote uchelewaji wa watu wake ulikuwa umemkera. Mara hii moja aliamua kuutegemea.

Tatizo la pili lilikuwa begi. Habari kwamba anakwenda Brussels ilienea kanisani, na mizigo ikaanza kufika: kahawa ya Kiswidi ya kupelekewa dada wa Célestine wa Norsborg, jibini la mtu, soksi za sufu za mtoto ambaye hata hajazaliwa. Mzigo wa mtu haukataliwi. Ukikataa, watasema umekuwa Mzungu. Ndege hizi za bei nafuu huruhusu kibegi kimoja cha kusukuma chini ya kiti, na kibegi kilijaa vya watu. Nguo zake Hortense akazivaa. Alivaa kitenge cha sherehe na blauzi yake yenye mabega yaliyotuna, juu yake kitenge cha jioni, juu yake koti la baridi, akawa mpana kama kabati.

"Lugn, mamma," alisema Vainqueur garini, mama yake alipokuwa akikanyaga breki isiyokuwapo.

"Usiniambie nitulie. Endesha."

Walifika mapema mno, kama kawaida yake, wakakuta ukungu. Mashamba hayakuonekana, njia ya ndege haikuonekana, na ndege yenyewe, iliyokuwa hatua chache tu nyuma ya kioo, ilionekana mkia peke yake. Kibao kikasema ngojeni. Abiria wengine wakanunua kahawa na kufungua vitabu, maana Mswidi akiambiwa angoje hungoja kama vile ndicho alichokuja kufanya. Hortense akaanza kutembea. Alitoka kiooni hadi chooni, kutoka chooni hadi kwenye kiduka cha peremende, akarudi kiooni kuona kama mkia umeongezeka.

"Mama, si ukae kidogo," ilisema sauti ya Kiswahili kutoka kwenye viti. "Huo ukungu hausongi ukiutembelea."

Alikuwa Mkenya anayeishi Tumba, si mbali na Bredäng, jina lake Nyambura, anakwenda kumtembelea rafiki yake, na alikuwa amejinyoosha kwenye viti vitatu kama yuko sebuleni kwake. Alivuta miguu kumpa nafasi. Hortense hakuketi, ila alisimama karibu akamweleza yote, ukoo, mlango, kadi na Jonathan, kwa pumzi moja.

"Kwa hiyo mmeandika saa nne na mnamaanisha saa nane," Nyambura alisema. "Na hao wakwe wanajua?"

"Ni Wakongo."

"Wa huko nyumbani ama wa Ubelgiji?"

Hortense akaitazama simu yake. Bwana harusi alikuwa amezaliwa Namur, hukohuko Ubelgiji. Jambo hilo alikuwa akilijua siku zote na hakuwahi kulifikiria.

Simu ikalia. Ilikuwa saa nne imepita kidogo na mkia wa ndege ulikuwa palepale.

"Shangazi, bamefika," alisema Orpha. "Bakwe bote. Tangu saa ine kamili bako inje, na mvua inanyesha."

"Waambie wakae kwenye magari."

"Tumebaambia. Wazee bamekatala, banasema banasimama mbele ya mulango kama desturi." Orpha akashusha sauti. "Mama mukubwa Madeleine anasema atafungua yeye. Anasema ni haya, watu kunyeshewa juu ya mutu mumoja."

Madeleine alikuwa dada yake Dancille, mwanamke wa sauti kubwa na mwenye majibu ya kila kitu. Hortense aliona waziwazi mkono wake mnene ukishika kitasa.

"Na mama yako anasema nini?"

"Mama amekaa tu kwenye kiti."

Salio la Hortense la subira, ambalo halikuwa kubwa, likaisha hapo. Alikwenda kwa msichana wa mlangoni, akamwambia kwa Kiswidi safi cha kazini kwamba ni lazima aondoke. Msichana akajibu kwa upole kwamba wote ni lazima waondoke. Hortense akarudi, akasimama mbele ya kioo, akaulaani ukungu kwa Kibembe, lugha ya kwao ambayo huitumia kwa maombi mazito na matusi tu. Alikuwa na hofu. Aliiona picha ikiganda tena, ikirudi, na watu wakikung'uta viatu.

Ukungu uliondoka ulipotaka wenyewe. Miti ikatokea, kisha mashamba, kisha ndege nzima, ndogo kuliko alivyoikumbuka. Nyambura alikuwa na kiti cha safu ya mbele, akampa, akachukua cha Hortense cha nyuma karibu na choo. "Shuka wa kwanza," alisema. "Mimi huko hakuna anayeningoja mlangoni."

Ndani ya ndege Hortense hakuwa na pa kwenda, na hayo ndiyo yalikuwa mateso. Mabega ya blauzi yalimgusa jirani kila alipopumua. Aliwaza mpaka akachoka. Alijiuliza ataingiaje akikuta wageni wameshaketi na Madeleine anagawa soda. Aketi wapi? Ajitambulishe kama nani? Alipokuwa mdogo Jonathan ndiye aliyemshika mkono wakivuka barabara ya Uvira, naye akivuta mbele wakati wote, na kaka yake akisema, utafika, Hortense, barabara haikimbii. Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa kitenge cha jioni, akaangalia dirishani kana kwamba angeweza kuisukuma ndege.

Alishuka wa kwanza. Teksi aliichukua bila kuuliza lolote, na dereva aliposimama kwenye taa nyekundu Hortense alikanyaga breki na mafuta kwa pamoja.

Mtaa wa Dancille ulikuwa umejaa miavuli. Hilo lilimpa moyo, kisha likamtia wasiwasi mpya, maana alipoufikia umati ule aligundua jambo ambalo njia nzima hakuliwaza. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Wa kuufungua kutoka ndani ni yeye. Na yeye alikuwa nje.

Mama mmoja mwenye kilemba kilicholowa alimzuia kwa mkono. "Dada, usijisumbue kubisha. Hata sisi tumekatazwa. Tunamungoja shangazi mumoja wa Suède, kwa Baswidi."

"Poleni," alisema Hortense.

"Inaonekana huyo mama hana haraka."

Hortense akaomba radhi mara ya pili, na hilo, kwa wanaomjua, lilikuwa muujiza. Alijitenga hadi kwenye kona akampigia Orpha. Baada ya muda mzee wa Kimoroko, jirani wa Dancille, alifungua mlango wake akiwa amevaa kandambili, akamwashiria aingie. Akampitisha sebuleni, akampitisha jikoni mwa mkewe, hadi uani, ambako ukuta mfupi uligawa nyua mbili. Mzee akaleta kigoda. Hortense, mwanamke wa makamo, nguo tabaka tatu, kibegi cha kahawa na jibini mkononi, akapanda. Kitenge cha jioni kilinasa kwenye msumari kikachanika, naye akaangukia upande wa pili mikononi mwa Orpha, ambaye alikuwa akicheka na kulia na kuharibu vipodozi vyake.

"Madeleine amefungua?" aliuliza Hortense.

"Njoo uone."

Ukumbini jamaa wote walikuwa wamesimama. Madeleine alikuwa kando, amenuna, mikono kifuani. Na mbele ya mlango, mgongo ukiugusa mlango wenyewe, Dancille alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni. Alikuwa amekaa hapo tangu saa nne. Dada yake alimsihi, mjomba alimfokea, wakwe walibisha mara tatu, naye hakuinuka hata kunywa maji.

Hortense alisimama mbele yake akihema, koti limelowa.

"Dancille," alisema. "Siku ile ya simu, nilikuuliza neno baya."

"Najua." Dancille hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka. "Siku ile watu wa makaburi hawakuniruhusu kungoja mutu. Dakika kumi, wakasema, muondoke. Nilimuzika Jonathan peke yangu, Hortense. Huu mulango sitaufungua peke yangu."

Hortense akavua koti. Orpha akamnyooshea mabega ya blauzi, akamfunga kitenge vizuri. Dancille akainuka, akasogeza kiti pembeni, na shangazi akashika kitasa. Wakwe huko nje walisikia sauti, wakabisha.

"Ni nani?" aliuliza Hortense, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Mzee wa upande wa pili akajitambulisha, jina la baba yake na la babu yake, akasema wamekuja kutafuta ua walilosikia liko katika nyumba hii. Alisema vizuri, na meno yake yalikuwa yakigongana kwa baridi. Sasa ilikuwa zamu ya kitasa. Watu wakangoja. Hortense, ambaye hajawahi kuuacha mlango wowote ufunguke bila yeye kuusukuma, alikishika kitasa na hakukizungusha.

Akikizungusha, Orpha anatoka katika nyumba ya baba yake. Hicho ndicho alichokuwa amekikimbilia tangu alfajiri, na hakuna aliyemwambia.

"Shangazi," alinong'ona Orpha, "bananyeshewa."

Hortense akatazama saa ya ukutani. Saa nane kamili.

"Kadi ilisema saa nne," aliwaambia walio nje, "na saa nne yetu ndiyo hii inaingia. Mmekuja mapema. Ngojeni kidogo, tumuage kwanza baba yake Orpha."

Akavuta kiti cha pili, akakiweka karibu na cha Dancille, akaketi.