Mama Mkwe Aliyejua Kiswahili

"Hodi! Hodi hapa!"

Sauti ilitangulia. Ilikuwa ya mwanamke mzee, na ilipenya mlango wa fleti yetu ya Mount Druitt, Sydney, kabla hatujamwona mtu. Mwenzangu ninayeishi naye alikuwa jikoni akikata vitunguu, mimi nilikuwa mezani na kompyuta. Nilidhani ni mama Mkongo wa ghorofa ya chini. Nikaitikia karibu kwa furaha, nikafungua.

Mlangoni alisimama Mhindi mwenye nywele nyeupe, amevaa sari ya kijani na sweta la kiume juu yake. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akacheka.

"Mwafrika kweli! Kijana yangu nasema, msichana nakaa na Mkenya. Mimi nasema, basi, mimi nakwenda. Mimi nazaliwa Kisumu, unajua? Sasa, chai iko?"

Nyuma yangu kisu kilinyamaza. Mwenzangu alimtambua kwa picha alizowahi kuonyeshwa. Huyu ndiye mama wa mchumba wake, aliyetarajiwa Jumapili pamoja na mwanawe na wajomba, waje kuposa. Leo ilikuwa Alhamisi, na alikuwa peke yake.

Tulichokiogopa kilikuwa hiki. Mwenzangu ni muuguzi, Mhindi, na amezaliwa katika tabaka ambalo kazi yake ya kurithi ilikuwa kuchuna ng'ombe waliokufa. Kijijini kwao waliishi upande wao, wakateka maji kwenye kisima chao. Baba yake alipopata ukarani mjini aliamua kupanda daraja. Akaacha kula nyama. Akaacha kumchinjia mbuzi mungu mke wa ukoo wao, akaanza kumlipa kasisi aje asome sala ambazo babu yake angefukuzwa hata kwa kuzisikiliza. Akabadili jina la ukoo, akachukua la watu wa juu. Kisha akamkataza mkewe kwenda shambani, kwa kuwa wake wa watu wa juu hawaonekani wakitoka jasho. Na mama huyo, aliyezoea kucheka na wenzake kutwa nzima juani, akabaki nyuma ya pazia.

Mwenzangu aliyaona hayo kuwa mambo ya nyumbani kwao tu, mpaka alipokaa darasa la sosholojia chuoni. Mwalimu akageukia ubao, akaeleza jinsi familia za chini zinavyoiga ibada na chakula cha waliozizidi, ili wajukuu wahesabiwe miongoni mwao. Hatua kwa hatua, bila kujua, alikuwa anasimulia habari za baba wa mwenzangu. Mwenzangu aliniambia kwamba siku hiyo hakuandika neno. Alikaa ameshika kalamu, akingoja darasa zima ligeuke limtazame.

Hata hapa Sydney anaishi akingoja hivyo. Wauguzi wenzake Wahindi walimkaribisha mezani pao siku ya kwanza tu, kwa sababu ya lile jina. Mchumba wake anajua yote. Ni yeye aliyeshauri mama yake asiambiwe mpaka harusi ipite.

Chai ikaja. Wakaongea lugha yao, mzee akiuliza, mwenzangu akijibu kama mtoto anayekariri. Majibu mengine niliyatambua, kwa kuwa nilimsikia akiyafanyia mazoezi wiki nzima: jina la mtakatifu wa kale ambaye ukoo unadai kutoka kwake, jina la kijiji, hekalu lipi. Maneno mengine sikuyaelewa, lakini nilihesabu pumzi zake. Zilikuwa fupi.

Ghafla mzee akanigeukia. Hakushusha sauti. Alitabasamu vilevile, kama anayeulizia sukari.

"Wewe nakaa na yeye siku mingi. Wewe naona yote. Huyu kabila gani?"

Nilikuwa na miaka saba tena, kiti cha nyuma cha gari, na wanaume wenye marungu wameegemea dirisha la baba yangu wakimwomba kitambulisho ili wasome jina la tatu, lile linaloonyesha kabila. Baba alitabasamu kama mwenzangu alivyokuwa anatabasamu sasa. Nilivuka bahari nikiamini kwamba swali lile nimeliacha kule barabarani. Kumbe limenifuata mpaka sebuleni, na kwa lugha yangu mwenyewe.

"Ni Mhindi, mama," nikasema.

"Aah! Hiyo hata paka naona. Mimi nauliza kabila. Kwenu iko, si ndiyo? Sasa, kwetu pia iko."

"Mimi sijui, mama."

"Wewe najua. Hapana ogopa, mimi iko kama mama yako. Sema tu, chumbani kwake iko picha ya mungu gani?"

Chumbani kwake hamkuwa na mungu. Mlikuwa na picha ya mwanasheria mmoja mwenye suti na miwani, mpigania haki ambaye watu wa tabaka lake humtundika ukutani mahali pa miungu. Tulikuwa tumeishusha asubuhi ya jana, tukaificha kabatini chini ya mablanketi. Lakini macho yangu yalikwenda kwenye mlango wa chumba, nami sikuweza kuyarudisha kwa wakati.

Mzee aliyafuata. Akaweka kikombe chini, akaanza kuinuka. "Choo iko wapi?"

Mwenzangu alisimama kabla yake. Hajui neno la Kiswahili zaidi ya karibu na asante, ila swali lile amelisikia tangu utotoni, na analijua kwa namna linavyoulizwa. Akafunga mikono kifuani.

"Auntie," alisema kwa Kiingereza, ili sote wawili tumwelewe, "usimsumbue rafiki yangu. Niulize mimi."

Kisha akajibu bila kungoja aulizwe. Alilitaja tabaka lake kwa jina lile la zamani, ambalo kwao hutumika kama tusi.

Mzee alishika mkono wa kiti. Alipozungumza, alisema kwa Kiswahili akinitazama mimi, kama mtu aliyesahau lugha nyingine zote.

"Kijana yangu najua?"

Nikatafsiri.

"Anajua," mwenzangu akasema.

Nadhani hilo ndilo lililomuumiza kuliko lote. Alitafuta mkoba wake sakafuni, na ulikuwa begani mwake.

"Mwambia yeye," akaniambia. "Jumapili sisi hapana kuja."

Niliogopa kulisema. Neno lilikuwa la mzee lakini lingetoka kwa sauti yangu, na sauti hiyo ndiyo mwenzangu angeikumbuka. Nililisema hata hivyo, polepole, nikimtazama usoni.

Aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yamejaa, hayajaanguka.

"Mwambie ashike ukuta akishuka," alisema. "Chuma cha kushikilia ngazini kimelegea."

Nikamwambia. Mzee alitoka akiwa tayari amenyoosha mkono kuelekea ukutani, nami nikaufunga mlango nyuma yake.